Dalali ameorodhesha tezo na randa zangu. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Kayenze, Mwanza. Nilichukua mbao kwa mali kauli, deni likafika shilingi milioni 2.4. Mwenye mbao alinishtaki mahakama ya wilaya akashinda, na sibishi, deni ni langu. Wiki iliyopita dalali wa mahakama alikuja akaorodhesha tezo, randa, misumeno, patasi za kalafati na jenereta. Hiyo jenereta nilishaiweka dhamana kwa mkopeshaji mwingine. Wakivibeba vyote, nitalipa kwa nini? – Fundi, Kayenze

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yangu aliuliza hivyo hivyo mwaka 1989, Mabatini. Alikuwa fundi cherehani. Aliyemdai alikuja na vijana wawili na mgambo, wakaibeba ile mashine ya miguu tukiwa tunatazama. Baba alibaki kwenye benchi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na gauni la mteja lenye mkono mmoja likiwa mapajani. Hakuna aliyewaomba karatasi ya mahakama, maana hatukujua kwamba inaombwa. Deni halikulipika kwa miaka mitatu. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kifungu cha 48 katika toleo la 2019, inataja mali ambazo hazikamatwi hukumu inapokazwa, yaani inapotekelezwa. Humo mna nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya mdaiwa na familia yake, na mna vifaa vya kazi vya fundi. Mkulima naye ameachiwa zana zake za kilimo. Mvuvi hakutajwa kwa jina, na hilo linaniuma nikiwaona wavuvi wetu pale mwaloni Kirumba, lakini wewe ni fundi. Tezo, randa, misumeno na patasi zako zimo.

Ila sheria hiyo haitakuja yenyewe Kayenze. Usisubiri mnada, wala usihamishie vifaa kwa shemeji usiku. Ukifanya hivyo utaonekana mkorofi mbele ya hakimu. Andika maombi kwa mahakama ile ile iliyotoa hukumu, ukiomba vifaa hivyo viondolewe kwenye orodha ya dalali. Taja kimoja kimoja na kazi yake. Piga picha ya mtumbwi ulio nao sasa, mbavu zikiwa zimesimama na mbao hazijafunikwa, ili hakimu aone hivyo vyuma vinafanya nini. Chukua na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kazi yako.

Hapo hapo omba kulipa kwa awamu. Mahakama inayo mamlaka hayo, lakini taja kiasi unachokiweza kweli. Ukiahidi laki tatu kwa mwezi halafu ukaleta hamsini, hutasikilizwa tena. Mfuate na mwenye mbao mwenyewe. Randa iliyotumika haifiki popote mnadani. Mtumbwi mmoja ukikamilika unamlipa zaidi, naye anajua.

Jenereta ni habari nyingine, nami sitakudanganya. Kifungu kile kinakukinga na ukazaji wa hukumu. Hakifuti dhamana uliyoisaini kwa mkono wako. Mweleze hakimu mapema kwamba kuna mtu mwingine anayeishikilia, dalali asije akaiuza halafu ukadaiwa pande mbili. Kisha usome ule mkataba mstari kwa mstari, na umwombe mkopeshaji akuonyeshe leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe nayo. Wengi wa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali, hawana.

Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Uliza ofisi ya kata. Nenda na nakala ya hukumu, orodha aliyoiacha dalali na mkataba wa jenereta. Nenda wiki hii.