Ada ya bima ya fidia inapanda kila mwaka na ajali kubwa hakuna: tatizo liko wapi?

SWALI: Nina karakana ya samani yenye wafanyakazi 40 hivi: mafundi wa mashine, wapakiaji, madereva wawili na watu wa ofisini. Ada ya bima ya fidia kwa wafanyakazi imepanda miaka mitatu mfululizo, wakati hatujapata ajali kubwa hata moja. Yapo majeraha madogo madogo tu, ya vidole, migongo na kuteleza. Dalali wangu wa bima ananiambia nihamie kampuni nyingine. Rafiki yangu mwenye biashara kama hii anasema mafundi kadhaa niwaandike kuwa ni wakandarasi, na majeraha madogo niyamalize mwenyewe kimyakimya. Nimsikilize nani?

JIBU: Rafiki yako usimsikilize kabisa. Fundi anayefika kwa saa unazopanga wewe, anayetumia mashine zako na kupokea kazi kutoka kwa msimamizi wako ni mfanyakazi wako, karatasi iseme itakavyosema. Bima hii huwa na ukaguzi mwaka unapokwisha. Mkaguzi akikuta umemlipa mtu ambaye hana bima yake mwenyewe, huyajumlisha malipo hayo kwenye mishahara na kukudai tofauti. Na hapo una bahati, kwa sababu mtu huyo angeweza kukatwa mkono kabla mkaguzi hajafika. Kama unao wakandarasi wa kweli, dai hati ya bima yao kabla hawajaanza kazi na uitunze.

Kumaliza majeraha kimyakimya nako ni mtego. Mgongo ulioteguka leo ukapewa dawa ya kuchua unaweza kugeuka upasuaji baada ya miezi miwili. Wakati huo shahidi ameshaacha kazi, hakuna aliyeandika chochote, na kampuni ya bima inauliza kwa nini haikuarifiwa. Isitoshe, sheria nyingi humlazimu mwajiri kuripoti.

Sasa tuje kwenye hesabu. Pale ambapo ada hupangwa kwa kufuata historia ya mwajiri, inatokana na vitu vitatu vinavyozidishwa: jumla ya mishahara, kiwango cha kundi la kazi, na kipimo cha historia yako ya madai, yaani namba inayopanda au kushuka kulingana na madai yako ya nyuma. Tuseme mishahara ya mwaka ni 10,000,000, kiwango ni 3 kwa kila 100, na historia yako ina kipimo cha 1.2. Ada ni 360,000. Historia ikishuka hadi 0.9, mishahara na kiwango vikabaki vilevile, ada inakuwa 270,000. Pungufu hilo la 90,000 hakuna dalali atakayekupatia kwa kuomba punguzo. (Kama uko mahali ambapo mfuko mmoja wa serikali huwatoza waajiri wote kiwango kilekile, kipimo hiki hakipo, na nafasi yako ya kupunguza ni finyu.)

Unashangaa kwamba ada inapanda bila ajali kubwa. Nadhani ada inapandishwa na hayo madogo unayoyataja kwa kupita. Katika mifumo mingi ya kupima historia, ile ya Marekani ikiwemo, sehemu ya kwanza ya kila dai huhesabiwa yote, na kinachozidi hapo hupunguzwa uzito. Maana yake, madai kumi ya 5,000 kila moja hukuumiza kuliko dai moja la 50,000. Wanahesabu wa bima wana mantiki yao: ajali moja kubwa yaweza kuwa bahati mbaya, ila kumi ndogo zinaonyesha namna karakana inavyoendeshwa.

Kabla ya kugusa usalama, pitia makaratasi, kwa sababu huko kuna fedha usiyoitolea jasho. Waombe kampuni ya bima wakupe orodha ya makundi waliyowapangia watu wako. Mara nyingi mhasibu anayekaa ofisini siku nzima amewekwa kundi moja na fundi wa msumeno, na kiwango cha kazi za ofisini ni sehemu ndogo sana ya kile cha useremala. Ila mtu anayegawa siku yake kati ya ofisi na mashine usitarajie atahesabiwa kama karani. Angalia pia malipo ya saa za ziada. Katika majimbo mengi ya Marekani, aliyelipwa mara moja na nusu, ile nusu ya nyongeza huondolewa kwenye hesabu ya ada, mradi kumbukumbu zako zimeitenganisha. Uliza kama utaratibu huo upo kwako. Usipouliza, mkaguzi hana sababu ya kukukumbusha.

Kisha omba taarifa ya madai yako yote, yaliyofungwa na yaliyo wazi. Dai lililo wazi huwekewa akiba, yaani makadirio ya kitakacholipwa hadi mwisho, na makadirio hayo huingia kwenye historia yako kana kwamba yameshalipwa. Nimeona mtu aliyekwisha rudi kazini, amepona kabisa, na dai lake bado limebeba akiba iliyowekwa wiki ya kwanza walipohofia upasuaji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Faili lilikuwa limesahauliwa. Piga simu, peleka barua ya daktari, omba akiba ipitiwe upya. Tena ujue tarehe. Marekani kwa kawaida hutumia miaka mitatu ya bima na kuuacha ule wa karibuni kabisa, na takwimu za mwaka huchukuliwa kwa mara ya kwanza miezi sita baada ya mwaka huo wa bima kwisha. Dai ulilolishughulikia wiki moja baada ya takwimu kuchukuliwa litakusubirisha hadi mwaka unaofuata. Waulize wa kwako tarehe yao ni ipi.

Sehemu inayoshusha gharama zaidi, na ambayo waajiri wengi huipuuza, ni siku za mwanzo baada ya mtu kuumia. Dai huwa ghali linapoacha kuwa la matibabu tu na kuwa la matibabu pamoja na mshahara wa kukaa nyumbani. Katika majimbo mengi ya Marekani dai la matibabu pekee hupunguzwa asilimia 70 linapoingia kwenye hesabu ya historia. Kwa hiyo andaa mapema, kabla hajaumia mtu, orodha ya kazi nyepesi zilizo za kweli: kukagua ubora, kuhesabu vifaa vya stoo, kupanga oda, kumfundisha mgeni. Daktari aandike mipaka, kwa mfano asinyanyue zaidi ya kilo 5 au asisimame zaidi ya saa moja, na msimamizi aiheshimu. Kazi nyepesi isiwe adhabu. Mtu akiketishwa getini siku nzima bila shughuli, ataelewa kwamba unataka aondoke, na hatua yake ya pili ni wakili. Na mwenye karakana ampigie simu aliyeumia siku hiyohiyo, bila kumhoji, kumjulia hali tu. Wengi huenda kwa wakili kwa sababu hakuna aliyewajibu.

Kuhusu kuzuia ajali, anza na taarifa yako mwenyewe na si na mabango ya ukutani. Vidole vikiwa vingi, tazama kinga za misumeno: zipo, au zimefunguliwa ili kazi iende haraka? Migongo ikiwa mingi, nunua toroli na meza ya kupandisha mizigo kabla ya kuandaa semina ya kunyanyua. Glavu na miwani ni kinga ya mwisho, na glavu karibu na msumeno unaozunguka ni hatari yenyewe. Angalia vilevile ni wangapi kati ya walioumia walikuwa hawajatimiza mwaka kazini. Wageni huumia kuliko uwiano wao. Zawadi kwa idara isiyo na ajali siipendi hata kidogo, kwa sababu watu hujifunza kuficha. Mpe zawadi anayeripoti ngazi inayotikisika.

Kukubali kujilipia sehemu ya kwanza ya kila dai hushusha ada, lakini kwa mtu mwenye majeraha madogo mengi kama wewe, punguzo lote linaweza kurudi kupitia mlango huo. Subiri idadi ishuke kwanza.

Na dalali? Kuhama si dhambi, ila kampuni mpya itadai taarifa ileile ya madai, na kipimo cha historia hukufuata popote uendapo. Mwambie akuletee taarifa hiyo miezi minne kabla ya mkataba kwisha, mkae na kuipitia dai kwa dai. Akisema hiyo si kazi yake, badilisha dalali kwanza.