Anza na elektroni tatu

Wadogo zangu mnaoanza shahada ya pili ya fizikia hapa Kampala, mkiikuta athari ya Hall ya kikwanta ya sehemu (fractional quantum Hall effect, tabia ya elektroni zilizobanwa kwenye tabaka bapa ndani ya uga mkali wa sumaku) kwenye orodha ya miradi, msiikimbie eti kwa kuwa maabara hatuna. Tsui, Störmer na Gossard, waliotangaza ugunduzi huo mwaka 1982, walihitaji kipande safi ajabu cha semikondakta, baridi ya chini ya kelvini 1 na uga wa sumaku wa tesla 15 hivi. Hayo waachieni wenyewe. Kulielewa jambo lenyewe kunahitaji kalamu na laptop.

Mimi nilianzia pabaya: niliikariri fomula ya mwanafizikia Laughlin ya 1983, inayoandika wimbi la elektroni hizo zote kwa pamoja, kabla sijajua inajibu swali gani. Siku ya semina nikaulizwa kwa nini kipeo chake ni 3, si 2. Nikaduwaa mbele za watu. Kumbe jibu ni fupi: elektroni mbili zikibadilishana nafasi, ishara ya wimbi lazima igeuke, hivyo kipeo lazima kiwe namba witiri.

Swali lenyewe ni hili. Fikiria taksi zetu za abiria 14. Uga mkali wa sumaku unazipangia elektroni viti, na viti vyote vina nishati moja. Ukiongeza uga, viti vinaongezeka, abiria ni walewale. Katika sampuli ya 1982, abiria na viti vililingana kwenye tesla 5 hivi; kwenye tesla 15 kila abiria ana viti vitatu. Sasa nani akae wapi? Kwa kuwa hakuna kiti cha bei nafuu, kinachoamua ni kusukumana kwa abiria wenyewe, basi. Ndiyo maana ile mbinu tuliyozoea darasani, ya kuanza na elektroni zisizojaliana kisha kuongeza msukumano kidogo kidogo, hapa haina pa kushika. Abiria hawa hukwepana kwa mpangilio maalumu, na ukinzani wa Hall (volteji inayokingama mkondo wa umeme, ikigawanywa kwa mkondo huo) unatulia kwenye omu 77,438, mara tatu ya ule wa viti vilivyojaa. Ukikaa na swali hili wiki nzima hujapoteza wakati.

Halafu andika programu ya kukokotoa nishati za elektroni chache. Tumia tufe la mwanafizikia Haldane, yaani elektroni zikae juu ya uso wa tufe; halina kingo za kukusumbua. Humo elektroni 3 zina viti 7 (vitatu kwa kila moja, kasoro viwili kwa sababu ya umbo la tufe), kwa hiyo mipangilio ni 35. Ipange kwa mkono. Kisha chagua ile tu ambayo jumla ya namba za viti, kuanzia -3 hadi 3, ni sifuri: inabaki 5. Unaweza kuihesabu ukisubiri rolex yako, chapati ya mayai, ikunjwe.

Hatua hiyo ya jumla sifuri mimi niliipuuza, nikaona ni urembo. Elektroni 6 zikanipa mipangilio 8,008, laptop ikavumilia. Nikaruka hadi 8: mipangilio 319,770, na matriksi yake nzima inataka kumbukumbu ya gigabaiti 800 na zaidi. Laptop iliganda hadi umeme ulipokatika, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru giza. Ukichuja kwa jumla sifuri, ile 319,770 inashuka hadi 8,512.

Na kabla hujaweka msukumano halisi wa Coulomb, ule wa chaji za umeme, weka ule unaoziadhibu tu jozi zilizokaribiana kupita zote. Kwa msukumano huo fomula ya Laughlin si makadirio, ni jibu kamili, na nishati ya chini kabisa lazima itoke sifuri. Yangu iligoma kufika sifuri wiki mbili nzima. Nililaumu kompyuta, nikalaumu hata joto la chumba, kumbe nilisahau alama ya kutoa pale elektroni moja inaporuka juu ya nyingine.