Kabla hujaunganisha tawi: njia ni kitu kimoja, huduma ni kingine

Ukiwa mgeni kwenye kazi ya mitandao utasikia watu wakibishana: "Tuchukue faiba au MPLS?" Swali hilo limechanganya mambo mawili. Faiba ni njia, uzi wa kioo unaopitisha mwanga. MPLS ni huduma: kampuni inabeba data zako ndani ya mtandao wake, mbali na intaneti ya watu wote, na inaweza kukufikia kwa faiba, kwa redio ya mnarani au kwa setilaiti. Kwa hiyo kila ofa ikifika mezani uliza: kipande cha mwisho, kutoka kwenye mnara au kabati lao hadi jengo letu, kinapita kwenye nini? Na laini ni yetu peke yetu au tunagawana na wengine?

Chukua kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kebo ya kilomita 1,200 inakula milisekunde 12 kwenda na kurudi, hata ununue rauta ya bei gani. Ongeza kidogo kwa ajili ya vifaa vya njiani. Ukipima ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kati ya ofisi hizo mbili ukakuta milisekunde 200, usikimbilie kulaumu faiba. Huenda ofisi hizo zimeunganishwa na kampuni mbili tofauti za intaneti na data zinapelekwa Ulaya ndipo zirudi nchini. Piga traceroute, amri inayoonyesha vituo data inavyopitia, uthibitishe, kisha ziulize kampuni zote mbili kama zinabadilishana data pale TIX, kituo cha Dar es Salaam ambako mitandao ya intaneti hukutana.

Setilaiti ndiyo inayowachanganya wageni zaidi. Ile inayoonekana kusimama sehemu moja angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na jibu hurudi baada ya milisekunde kama 600. Unalipia megabiti 10 kwa sekunde, lakini kunakili faili moja hakufiki hata 1. Kinachotokea ni kwamba TCP, kanuni inayosafirisha data za faili, hutuma kiasi fulani, kinachoitwa dirisha, kisha hungoja jibu. Dirisha lake likiwa baiti 65,535, basi 65,535 × 8 ÷ 0.6 ni kama kilobiti 874 kwa sekunde. Kununua spidi zaidi ni kutupa pesa. Hakikisha upanuzi wa dirisha la TCP umewashwa pande zote mbili. Modemu nyingi za setilaiti zina kiharakishi cha TCP, ila ukifunga data kwa IPsec, njia ya kuzificha kwa msimbo, kabla hazijafika kwenye modemu, kiharakishi hakioni kitu na hakisaidii. Setilaiti za chini kama Starlink, zilizo kwenye kilomita 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo, lakini zinataka anga wazi: mwembe mmoja unatosha kukata simu kila mara.

Kwa redio, kuuona mnara kwa macho hakutoshi. Kwenye umbali wa kilomita 10 na masafa ya gigahezi 5.8, eneo linalohitajiwa na mawimbi hutanuka katikati ya safari hadi mita 11 kila upande wa mstari. Asilimia 60 ya hapo, kama mita 7, lazima ibaki wazi, na miti inakua. Masafa hayo hayasumbuliwi sana na mvua. Yanasumbuliwa na redio za majirani. Gigahezi 18 au 23 ni kinyume chake: kwa kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hupati fujo za majirani, lakini mvua ya masika huzima laini iliyofungwa bila akiba ya desibeli, yaani nguvu ya ziada ya mawimbi. Usikabidhiwe laini ya aina hiyo kwa vipimo vya kiangazi pekee.

Faiba nayo huharibikia mwishoni, kwenye konekta. Ya kijani imekatwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari huo. Ukizichomeka pamoja kunabaki hewa katikati na mwanga unapotea. Kwenye GPON ya kawaida, yaani faiba moja inayogawanywa kwa wateja wengi, kigawanyio cha 1 kwa 32 peke yake kinakula kama desibeli 17, na kifaa cha mteja kinataka kupokea mwanga wenye nguvu kati ya -8 na -27 dBm. Ukisoma -29, mwanga ni hafifu mno: safisha konekta kwanza, kisha tafuta kebo iliyokunjwa nyuma ya kabati. Upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550 kuliko 1310, shuku mkunjo. Usichungulie ncha ya faiba kamwe. Mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho.

Laini ya akiba ya 4G mara nyingi haina anwani ya umma, inayofikika kutoka nje, kwa hiyo handaki la IPsec lazima lianzishwe na tawi. Ping ndogo zikipita huku kurasa kubwa zinakwama, shusha MSS, kikomo cha data ndani ya pakiti moja ya TCP, hadi baiti 1360, kwa kuwa handaki nalo linachukua nafasi.

Halafu omba ramani ya njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikaguswa. Wauzaji wawili wanaopita mtaro mmoja ni laini moja yenye ankara mbili. Siku ya makabidhiano chomoa laini kuu huku simu ikiendelea, uhesabu sekunde hadi sauti irudi, na uandike hesabu hiyo kwenye fomu kabla hujasaini.