Kabla ya Kubadilisha Programu, Shughulikia Kamera ya Roboti Yako

Vijana wanaounda roboti hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara watumie programu gani ili roboti ijue mahali ilipo ndani ya jengo, ambamo paa la mabati huzuia mawimbi ya satelaiti na magurudumu huteleza kwenye saruji yenye vumbi. Kwa uzoefu wangu, kamera yenyewe ndiyo ya kushughulikiwa mapema.

Programu hizi huchagua nukta zinazotambulika kwa urahisi, kama vile pembe za madirisha au maandishi ya maboksi, kisha hufuatilia jinsi nukta hizo zinavyohama kutoka picha moja hadi nyingine, na kwa uhamaji huo hukokotoa mwendo wa kamera. Hata vigari vya Spirit na Opportunity, vilivyotua Mirihi mwaka 2004, vilitumia picha kujua vimesogea kiasi gani pale magurudumu yalipozunguka bure mchangani. Hesabu hiyo, hata hivyo, huharibika iwapo hujapima jinsi lenzi inavyopinda mistari iliyonyooka. Fuata njia aliyoieleza mtafiti Zhengyou Zhang mwaka 2000: chapisha miraba myeusi na myeupe, ibandike kwenye kioo au ubao usiojikunja, uipige picha kutoka pande nyingi, ukihakikisha kwamba inafika hadi kwenye kingo za picha, ambazo watu wengi huzisahau, kisha programu ikokotoe upindaji wa lenzi kutokana na picha hizo. Baada ya hapo usiiguse lenzi tena.

Kamera moja haitambui ukubwa halisi, kwa kuwa chumba kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali huweza kutoa picha zilezile. Weka kamera mbili ambazo umbali kati yake unajulikana, au tumia pia vipimo vya magurudumu.

Kinachonisumbua zaidi ni mwanga. Katika maghala mengi ya Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, kuna mabati angavu yanayopitisha jua, na kingo za mwanga unaoanguka sakafuni huonekana wazi kiasi kwamba programu huzichukua kuwa alama za kudumu. Roboti ikirudi alasiri, alama hizo zimekwisha kuhama na ramani ya asubuhi haifai tena. Mimi huinua kamera itazame nguzo na kuta badala ya sakafu, kisha hubandika kwenye nguzo alama za AprilTag, yaani miraba ya kuchapishwa ambayo kamera huitambua kwa urahisi, zilizobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambazo ukubwa wake ukijulikana humpa mtu hata kipimo cha umbali.