Kikombe kile kile, kila asubuhi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji wanaochora kwa rangi za maji: "Umewezaje kuchora kila siku, na kabla ya hapo ni nini kilichokuwa kinakukwamisha?" Swali hilo limenigusa. Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa kuanza na kuacha, kuanza na kuacha. Sasa nina miezi saba sijaacha, na ningependa kueleza kilichobadilika kwa kirefu kidogo, kwa sababu sicho nilichokuwa nikikidhania.

Nilidhani tatizo ni muda. Kila aliyeniuliza mbona rangi zako zinalala kabatini, nilimjibu sina nafasi. Lakini nafasi nilikuwa nayo. Jioni nilikuwa naipata nusu saa, nakaa mezani, natandaza karatasi, najaza maji kwenye kopo, halafu naanza kuwaza: leo nichore nini? Ua? Paa la jirani? Ile picha niliyopiga safarini? Nafungua simu nitafute picha ya kuigiza, na nikija kuinua kichwa nusu saa imekwisha, maji kwenye kopo bado masafi kama yalivyotoka bombani. Kilichokuwa kinanimaliza ni kuchagua.

Nilijaribu pia zile changamoto za siku 30, ambazo kila siku unapewa neno la kuchora: leo "mlango", kesho "ndege", keshokutwa "safari". Mara mbili nilianza, na mara mbili nilikwama kabla ya siku ya kumi. Najua wapo waliosaidika nazo, wala siwakatazi. Kwangu mimi, neno jipya kila siku lilikuwa mtihani mpya kila siku. Jana nimehangaika na bawa la ndege mpaka nikaanza kulielewa, leo bawa halina kazi tena, natakiwa nijue gurudumu. Nilikuwa naanza upya kila kukicha.

Basi nikafanya jambo ambalo wenzangu wa kuchora waliliona la ajabu. Nilichukua kikombe kimoja cha kauri, cheupe, kilichomeguka kidogo ukingoni, nikakiweka kwenye meza iliyo karibu na dirisha, nikajiambia kwamba kwa mwezi mzima sitachora kitu kingine. Kila asubuhi nikishapiga mswaki, kabla sijashika simu, nakaa mbele yake kwa dakika 20 hivi. Lile swali la nichore nini likafa siku hiyo hiyo. Mwezi ulipokwisha sikuona sababu ya kukiondoa.

Mtu atasema hilo si linachosha? Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1964, aliishi Bologna akichora chupa, mitungi na makopo yale yale kwa miongo kadhaa, kwa rangi za mafuta na, hasa katika miaka yake ya mwisho, kwa rangi za maji. Alikuwa akivisogeza tu: hiki mbele kidogo, kile nyuma kidogo. Ukipita haraka mbele ya picha zake utasema ni chupa tu hizi. Ukitulia nazo unaona nafasi iliyo kati ya chupa na chupa imechorwa kwa uangalifu ule ule, na hakuna picha mbili zinazolingana. Namtaja kwa sababu yeye ndiye aliyenipa ruhusa. Nilipoziona kazi zake ndipo nilipoacha kuona aibu ya kurudia.

Sasa niseme kwa nini kikombe kiwe cheupe. Katika rangi za maji, kwa kawaida nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe, sehemu uliyoiacha bila kuigusa. Kwa hiyo anayechora kikombe cheupe anachora vilivyokizunguka: kivuli chake, meza, ukuta wa nyuma. Wiki ya kwanza kivuli nilikipaka kijivu cha aina moja toka juu mpaka chini, kama mtu anayepaka ukuta. Kijivu hicho nakipata kwa kuchanganya rangi mbili, bluu ya ultramarini na ile kahawia yenye wekundu iitwayo siena iliyochomwa. Bluu ikizidi, kijivu kinaelekea ubaridi. Kahawia ikizidi, kinapata joto. Mimi nilikuwa nahangaika kupima zilingane sawasawa.

Ilikuwa karatasi ya kumi na tisa, kama si ya ishirini, asubuhi yenye mawingu mepesi, nilipoona kwamba kivuli kile hakina rangi moja hata kidogo. Upande wa dirishani kilikuwa na ubluu. Chini, kinapokutana na meza, ukahawia wa mbao ulikuwa umepanda kwenye ubavu wa kikombe kama upana wa kidole, na ulipungua taratibu kadiri unavyopanda. Na pale ukingo ulipomeguka, palikuwa na mstari wa manjano iliyofifia, mwembamba kama uzi. Vyote hivyo vilikuwapo tangu siku ya kwanza. Siku hiyo nilichelewa kutoka nyumbani, kwa kuwa sikuweza kuacha kutazama.

Hiyo bluu nayo ina tabia yake. Ukiipaka ikiwa na maji ya kutosha, punje zake huzama kwenye vibonde vya karatasi na kuacha vidoadoa, kama mchanga ulio chini ya maji yaliyotulia. Mwanzoni nilidhani nimeuziwa rangi mbovu. Leo naitegemea, maana vidoadoa vile hukifanya kivuli kiwe chepesi, kisionekane kama bamba lililobandikwa. (Zamani bluu hii ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na ilikuwa ghali mno. Ilipofika miaka ya 1820 wanakemia walipata njia ya kuitengeneza, ndiyo maana leo imo hata kwenye kisanduku cha mwanafunzi.)

Kuhusu vifaa, naona wengi hukwama hapa bila kujua. Kilichonipotezea mwaka mzima ni daftari zuri lenye jalada gumu. Ukurasa wa tatu niliuharibu, na tangu hapo kila nikilifungua ule ukurasa unanikabili kwanza. Nikawa naogopa kuharibu wa nne. Siku hizi nanunua karatasi kubwa moja, ile ya sentimita 56 kwa 76, naigawa sehemu nane upande mrefu na sehemu nne upande mfupi. Napata vipande 32 vya sentimita 9.5 kwa 14, karibu sawa na kadi ya posta. Karatasi moja inatosha mwezi mrefu kuliko yote, na kipande kimoja kinabaki cha kujaribia rangi. Iwe na uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu nyembamba hujikunja ikilowa, na maji hukusanyika kwenye mikunjo yakaamua yenyewe mahali pa kwenda. Ukiweza pata ya pamba, kwani huvumilia kulowekwa mara mbili tatu.

Udogo wa kipande umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kipande cha ukubwa wa kiganja unakijaza kwa brashi moja, ya duara, namba 8, kabla uvivu haujapata la kusema.

Rangi zenyewe sizirudishi kabatini tena, wala sisafishi sahani ya kuchanganyia. Rangi za maji hushikizwa kwa gundi ya mgunga, na gundi hiyo hata ikikauka huyeyuka upya ikiguswa na maji. Mabaki ya jana ni rangi ya leo. Tone moja tu yameamka. Rangi ya akriliki ikikauka ndiyo basi, lakini hii inakusubiri. Kwa hiyo kisanduku kinakaa wazi pale pale mezani, kando yake kopo, brashi na kitambaa cha kufutia. Zamani kutoa vitu na kusafisha meza kulikuwa kunakula dakika kumi kabla sijapaka chochote, na hizo dakika kumi ndizo nilizokuwa nazikimbia, ila sikuwa nimezitambua.

Jambo ambalo sikulitegemea kabisa ni msaada wa kukauka. Ukipaka rangi yenye maji, karatasi hung'aa kama kioo. Ukisubiri kidogo mng'ao hufa, na karatasi huonekana kavu, lakini iguse kwa mgongo wa kidole: bado ya baridi. Hapo ndipo pa hatari. Ukiongeza tone la maji wakati huo, maji mapya yatasukuma rangi pembeni na kuacha alama yenye kingo za meno meno, kama ua lililofunguka pasipotakiwa. Nimeharibu kivuli kwa namna hiyo mara nyingi sana, na kila mara sababu ilikuwa haraka. Siku hizi nikimaliza tabaka la kwanza nainuka. Naenda kuoga, navaa, narudi, naigusa karatasi. Ubaridi ukiwa umetoka, naweka tabaka la pili. Kwa hiyo zile dakika 20 sizitoi kwa mkupuo. Ni nane hapa, saba pale, tano nikiwa tayari nimevaa viatu. Anayesema hana saa nzima ya kukaa, namwambia hata mimi sina, na rangi za maji haziihitaji.

Nazungumzia pia siku za kuruka, maana najua zimewavunja wengi. Mwaka 2009 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walitoa utafiti uliofuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea tabia moja ya kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani zilipita siku 66 hadi tabia ikaanza kujiendesha yenyewe, lakini watu walitofautiana mno: kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Na kuruka siku moja hakukubomoa kilichokwisha kujengwa. Kwangu ilichukua kama miezi mitatu hadi nikajikuta nimeshakaa mezani bila kujihimiza. Ningekuwa nimeambiwa mapema kwamba miezi mitatu ni kawaida, nisingeacha mara zile za nyuma nikidhani sina kipaji cha kudumu.

Mwezi wa tano niliugua, siku kumi na moja sikushika brashi. Miaka ya nyuma ningepiga hesabu: nina deni la karatasi kumi na moja, Jumamosi nilipe tatu, Jumapili tatu. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa inaniondoa kabisa, kwa sababu deni likishakuwa kubwa unamkwepa anayekudai. Safari hii sikulipa hata moja. Nilirudi nikachora kivuli peke yake, bila kikombe, dakika tano, nikaandika tarehe nyuma ya karatasi kwa penseli, nikaitia sandukuni.

Na hilo sanduku ni jambo ninalolisisitiza kuliko hata aina ya karatasi. Picha ya leo siihukumu leo. Ikikauka inapauka kuliko ilivyokuwa mbichi, nami bado nimechukia mstari fulani, kwa hiyo macho yangu hayatendi haki. Naandika tarehe, nafunika. Mwisho wa mwezi ndipo navitoa vipande vyote na kuvipanga sakafuni, safu kwa safu, na kupiga magoti mbele yake.

Jumapili iliyopita nilipanga miezi yote saba kwa pamoja. Katika safu ya kwanza, mdomo wa kikombe, ile duaradufu unayoiona ukikitazama kutoka juu kidogo, una ncha mbili kali kama mtumbwi. Vikombe vyote vya mwezi ule viko hivyo, kimoja baada ya kingine, na nakumbuka niliviona sawa kabisa wakati ule. Katika safu ya tatu ncha zimeanza kulegea. Katika ya nne hazipo, ukingo unazunguka bila kuvunjika. Hakuna siku niliyokaa kujifunza kuchora duaradufu.

Niliona kitu kingine pia. Katika vipande vyote vile, karibu mia mbili, mkono wa kikombe uko kulia, gizani, na kila mara nimeupaka kwa haraka, doa moja la kijivu na basi. Kwa hiyo jana usiku kabla ya kulala nimekigeuza. Sasa mkono umeelekea dirishani, na karatasi ya kesho nimeshaikata.

Msomaji wenu