Shamba ni la mzee, dhahabu si yake

Mdogo wangu, kama unataka kutafuta dhahabu, usianzie mto Themi hapa Arusha. Kila mvua ikikatika kuna kijana anayeniletea mchanga unaometameta, na karibu kila mara ni ulanga tu. Miamba ya Meru na Kilimanjaro imetokana na volkano, na kwa umri wa miamba ni michanga. Dhahabu ya nchi hii iko zaidi kwenye miamba mikongwe ya Geita na Kanda ya Ziwa, na kule Chunya. Sisi wa Arusha wengi huenda Handeni, kwa sababu ni karibu.

Mimi nilikwenda na wenzangu watatu. Tulichanga pesa, tukanunua shamba la mihogo kwa mzee mmoja, karatasi ikapigwa muhuri wa kijiji, tukachimba wiki tatu. Siku moja akaja mtu na leseni mkononi. Eneo lote lilikuwa ndani ya leseni yake, tena kwa haki kabisa. Tulichobaki nacho ni mihogo.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye madini. Hati, iwe ya serikali au ya kimila, inampa mtu haki ya kutumia uso wa ardhi tu. Madini ni mali ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza kutafuta au kuchimba bila leseni, hata shambani kwako. Kwa hiyo kabla ya nauli, nenda kwa Afisa Madini Mkazi, uulize eneo lile liko wazi au lina mwenyewe. Kama liko wazi, Mtanzania anaweza kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hudumu miaka 7 na inaruhusu kutafuta na kuchimba. Kama lina mwenyewe, ongea naye, mwandikiane.

Uwe mwangalifu na alama za GPS. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Kati ya hizo mbili nukta ileile inaweza kuhama takriban mita 300, na mita hizo zinatosha kukuweka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la mtu mwingine. Uliza mfumo unaotakiwa kabla hujaandika namba yoyote.

Leseni haikufungulii mlango wa nyumba ya mtu. Ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, au mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa, unahitaji ridhaa ya mwenye eneo kwa maandishi. Ukiharibu mazao, unalipa fidia. Misitu ya hifadhi na mbuga zina wenyewe wengine wa kuombwa, na makaburi usiyaguse.

Ukisharuhusiwa, anza na karai kwenye kijito: chota chini kabisa, karibu na mwamba, na upande wa ndani wa kona ambako maji hupunguza kasi, maana dhahabu ni nzito, hutua hapo. Ukiona chembe, panda na mto huku ukipima kila hatua. Zikikatika, rudi nyuma kidogo, tazama mlima ulio pembeni: chanzo mara nyingi kiko huko. Chembe yenyewe igonge kwa nyundo. Dhahabu hubonyea, ile ya kudanganya hupasuka unga.