Uji wa lishe pekee hautoshi

SWALI: Mwanangu ametimiza miezi 6. Nampa uji wa lishe na ananyonya vizuri. Mama mkwe anasema nimpe pia chai ya maziwa ili apate nguvu. Je, madini ya chuma yanamtosha? – Mama Mwajuma, Morogoro

JIBU: Hongera kwa kuendelea kumnyonyesha, usiache. Ila akiba ya chuma aliyozaliwa nayo sasa inakwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kati ya miezi 7 na 12 mtoto anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku. Ni nyingi mno kwa tumbo dogo kama lile, kwa hiyo kila kijiko kiwe na maana.

Mpe kila siku nyama, kuku au samaki. Nyama ichemshwe hadi ilainike, isagwe, ichanganywe na viazi. Anza na vijiko 2 hadi 3. Mchuzi mtupu hautoshi, chuma kimebaki kwenye nyama. Maini yanafaa sana, lakini mara moja kwa wiki inatosha kwa sababu yana vitamini A nyingi.

Siku isiyo na nyama, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, yapike yaive kabisa, yaponde. Mpe na papai au maji ya chungwa: vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea.

Chai, mwambie mama mkwe kwa heshima, hapana kabisa. Inazuia chuma kufyonzwa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja.

Akipauka viganja au akilegea, mpeleke kliniki apimwe damu. Usimnunulie dawa ya chuma kwa kukisia.